Paka mzee aliyebadilika: tafuta chanzo kabla ya kusema "ni uzee tu"

Paka akishapita miaka 10 anahesabiwa mzee, na wa miaka 15 yuko kwenye umri wa binadamu aliyepita sabini. Kufikia hapo, mambo ya kukimbizana na mijusi yamekwisha. Kinachobaki kati yenu ni kukaa pamoja: wewe unachagua mchele au unasikiliza redio, yeye amejikunja hatua moja kutoka ulipo, hakuna anayemsumbua mwenzake. Kwa sababu mnaishi hivyo, wewe ndiye unayeona kwanza kwamba kitu kimebadilika. Shida ni kuwa tukishaona tunajijibu wenyewe: "Ameshazeeka." Kwa niliyoyaona, jibu hilo huchelewesha matibabu kuliko hata umbali wa daktari. Uzee peke yake haumwongezei paka kiu, wala haumlizi usiku kucha. Mambo hayo yana vyanzo, na vingi vina tiba au angalau nafuu.

Malalamiko yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia kwa watu wanaoniuliza, wengi wao wa mwambao, tangu Mombasa na Tanga hadi Unguja. Nimeyapanga kwa dalili. Kila dalili inaanza na chanzo kinachotokea zaidi, na uchunguzi unaanza na ule unaoweza kuufanya ukiwa umekaa sakafuni naye.

Hali ambazo hazingoji kesho

Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya:

- Anapumua kwa mdomo wazi, au tumbo linapanda na kushuka kwa nguvu kila pumzi.
- Anaingia mchangani (beseni la mchanga analojisaidia) tena na tena, anajikamua, na mkojo hautoki au unatoka matone. Kwa dume hii ni hatari ya kifo ndani ya siku moja au mbili.
- Miguu ya nyuma imelegea ghafla, ni ya baridi, naye analia kwa maumivu.
- Amepofuka ghafla.
- Anatetemeka au ameshikwa na degedege.
- Fizi zimekuwa nyeupe, za bluu, za kahawia au za njano.

Na jambo moja ambalo ningependa libandikwe kwenye kabati la dawa la kila nyumba yenye paka: usimpe parasetamoli. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini letu. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya kahawia, uso na nyayo vinavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki nazo zikae mbali naye. Watu wengi wanaompa paka vidonge hivi wanafanya kwa huruma, wamemwona anachechemea. Huruma hiyo ielekezwe kwa simu ya daktari.

Vipimo vinne vya kuvijua angali mzima

Dalili haina maana kama hujui hali yake ya kawaida. Andika mahali, hata nyuma ya daftari la duka.

Uzito, mara moja kwa mwezi. Mizani ya kusimamia haioni vizuri tofauti ndogo, kwa hiyo mtie kikapuni na uombe mizani ya duka au ya muuza samaki, kisha utoe uzito wa kikapu. Paka wa kilo 4 akishuka hadi 3.6 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kupimwa.

Pumzi, akiwa amelala fofofo. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa dakika zisizidi 30. Zikizidi siku mbili mfululizo, kuna jambo moyoni au kwenye mapafu.

Maji. Pima unayomimina asubuhi na yanayobaki kesho yake. Anayekula chakula chenye majimaji hunywa kidogo sana, na hilo ni sawa. Paka wa kilo 4 akifikia mililita 400 kwa siku, anaumwa bila shaka, lakini usingoje afike huko. Ukiona kipimo kimekuwa maradufu ya kile cha zamani, inatosha.

Mchanga. Hesabu madonge ya mkojo unapousafisha na uangalie ukubwa wake.

"Haji tena kukaa nami"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, nalo watu hulisema kwa aibu kidogo, kana kwamba wanalalamikia kununiwa. Msione haya. Kwa paka mzee, kuhama pale alipozoea kukaa ni dalili kamili.

Anza na hali ya hewa. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, paka wa Pwani ataliacha paja lako na kwenda kulala kwenye saruji tupu au chini ya mtungi. Ukiona amejinyoosha, macho yametulia, na jioni upepo ukivuma anarudi, hapo hakuna ugonjwa.

Kama si joto, fikiria viungo. Baridi yabisi huwapata paka wazee karibu wote waliopita miaka 12, na wengi hawachechemei hata siku moja, kwa sababu miguu yote inauma sawasawa. Wanachofanya ni kupunguza. Aliyekuwa akiruka dirishani kwa mkupuo mmoja sasa anapitia kwenye kiti kwanza. Anasimama mbele ya ngazi, anatazama, anaondoka. Anaacha kunoa kucha kwenye mguu wa kitanda. Paja lako ni mahali pa kuruka, pa kujigeuza na pa kushuka, na kila kimoja kinauma, basi anachagua sakafu.

Uchunguzi: mchukue video kwa simu akipanda barazani na akishuka. Kushuka ndiko kunakosema kweli. Atasita, kisha atatua kwa kishindo. Halafu mtazame uso akiwa ametulia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha namna ya kusoma maumivu usoni mwa paka kwa vitu vitano: masikio yaliyogeukia pembeni, macho yaliyobanwa, mdomo uliokaza, sharubu zilizonyooka kuelekea mbele, na kichwa kilichoshuka chini ya mabega. Paka anayesinzia kwa raha ana macho yaliyofumbwa lakini uso laini. Mwenye maumivu anafumba na uso umekaza. Ukishaijua tofauti hiyo huwezi kuiacha kuiona.

Marekebisho ya nyumbani yanasaidia sana, wala hayana gharama. Kreti ya soda iliyofunikwa gunia inakuwa ngazi ya kitandani. Mkeka juu ya vigae unamzuia kuteleza. Shusha bakuli na malazi viwe chini. Wakati wa kusi, au kwa walioko Lushoto, Arusha na Nairobi, mpe chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa kanga mbili, iwe ya joto bila kuchoma, na awe na nafasi ya kuikimbia. Wewe nawe shuka: kaa kwenye jamvi badala ya kochi. Wengi husema paka alirudi kukaa nao wiki ileile walipoanza kukaa chini.

Yasipotosha, daktari ana dawa za maumivu zinazofaa paka, kama meloksikamu ya maji kwa dozi yake, lakini apime figo kwanza. Usikubali kuuziwa dawa ya maumivu bila kipimo hicho kwa paka wa umri huu.

Vyanzo vingine vya kujitenga, kwa mpangilio: maumivu ya meno, kichefuchefu cha figo, mgeni au mnyama mpya nyumbani, uziwi (hakusikii ukiingia, anashtuka, anajihami), na ugonjwa mzito wa ndani. Paka aliyejificha chini ya kitanda mchana kutwa na hata chakula hakimtoi asingojewe zaidi ya siku moja.

"Analia usiku, kilio kirefu, nyumba nzima haipati usingizi"

Majirani watasema kaona jini. Ninyi washeni taa mtazame.

Kwanza mambo mepesi: bakuli la maji halijakauka? Hajafungiwa chumba ambacho mchanga wake haumo? Kuna paka mgeni ukutani? Ana njaa kwa kuwa mlo wa mwisho ulikuwa magharibi? Mgawie kidogo mnapokwenda kulala.

Kisha angalia masikio. Akiwa amekupa mgongo, tikisa funguo bila kumpulizia upepo wala kutikisa sakafu. Asipogeuza hata sikio, huenda hasikii, na paka asiyesikia hulia kwa sauti kubwa kwa kuwa hajisikii mwenyewe. Hapo hakuna tiba, ila taa ndogo usiku na wewe kugusa sakafu kabla ya kumgusa mwili vinampunguzia hofu.

Akiwa anasikia, vyanzo viwili vinafuatana kwa karibu: tezi ya shingo iliyozidisha kazi, na presha ya damu. Vyote viwili vinampa paka msukosuko usiku na vyote vinatibika. Ishara za tezi ni kukonda, kula sana na kuhangaika. Presha huweza kuwa haina ishara nyingine hadi macho yanapoharibika. Kwa hiyo kilio kipya cha usiku kwa paka mzee kinahitaji kipimo cha damu na cha presha kabla ya maelezo mengine yoyote.

Mwisho unakuja ubongo wenyewe. Wapo wanaopotelewa, hasa waliopita miaka 15: anasimama pembeni akitazama ukuta, anasahau kuwa amekula, analala mchana wote na kuzunguka usiku. Nyumba isibadilike. Vyombo vyake vikae palepale, mlo uwe na saa zake, na usiku umwite kwa sauti ya chini ajue ulipo. Mara nyingi hunyamaza akisikia mtu anamjibu. Usimpige wala usimfungie nje. Anayelia kwa kupotelewa akitupwa gizani anapotea kweli.

"Anakunywa maji mno, anakojoa mno"

1. Figo. Paka hupoteza uwezo wa kuzuia maji mwilini pale ambapo kiasi cha theluthi mbili za figo zimeshaacha kazi, kwa hiyo kiu unayoiona leo ilianza ndani kitambo. Huambatana na kukonda, manyoya makavu, kutapika asubuhi na harufu mbaya ya kinywa.
2. Kisukari. Hasa dume aliyehasiwa, mnene, anayelishwa wali na ugali. Akichelewa kutibiwa utamwona anakanyagia visigino vya nyuma badala ya vidole.
3. Tezi ya shingo.
4. Maambukizi ya njia ya mkojo, yanayowapata zaidi wenye magonjwa mawili ya kwanza.

Nyumbani hakuna cha kurekebisha hapa isipokuwa kimoja: usimnyime maji kamwe. Wapo wanaoficha bakuli ili asilowanishe nyumba. Paka mwenye figo mbovu akinyimwa maji anaweza kufa ndani ya siku chache. Ongeza mabakuli, mapana, mbali na chakula, na mtilie supu ya samaki isiyo na chumvi wala kitunguu.

Kuangalia kama amekaukiwa, watu huvuta ngozi ya shingo waone inarudi upesi au la. Kwa paka mzee kipimo hicho kinadanganya, maana ngozi yake imeshalegea hata akiwa na maji ya kutosha. Gusa fizi badala yake: ziwe laini na zenye mate. Zikinata kidoleni, amekaukiwa.

Daktari atapima damu na mkojo. Ikiwa ni figo, chakula chenye fosforasi kidogo na maji ya kuchomwa chini ya ngozi vinaweza kumpa muda mrefu wa maisha mazuri. Ikiwa ni kisukari, insulini, na wapo wanaopona kabisa wakiwahiwa. Nyama usimpunguzie kwa uamuzi wako. Akipungua misuli hali inakuwa mbaya zaidi.

"Anakula kuliko zamani, lakini mifupa inaonekana"

Tezi ya shingo ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Ni uvimbe ambao karibu kila mara si saratani, unaomwaga homoni na kuukimbiza mwili mzima: moyo unapiga mbio, chakula kinaungua, paka anaonekana mchangamfu kama kijana. Uchangamfu huo huwafanya watu wamsifu, na miezi inapita. Dawa ipo, karbimazoli au methimazoli, zilezile za binadamu kwa dozi ndogo inayopangwa na kufuatiliwa na daktari.

Baada ya hapo: kisukari, minyoo (kwa anayewinda na kula panya, na ni rahisi kuiondoa, kwa hiyo mpe dawa ya minyoo ya paka kwa uzito wake), na maradhi ya utumbo, yakiwemo ya saratani. Kuharisha au kutapika zaidi ya mara moja kwa wiki kunaelekeza kwenye utumbo.

"Ananusa chakula na kuondoka"

Tofautisha asiyetaka na asiyeweza. Anayekimbilia bakuli, akang'ata, akaguna na kurudi nyuma, huyo anataka ila mdomo unauma. Utaona pia chakula kikidondoka, kutafuna upande mmoja, udenda, na harufu mbaya. Inua mdomo wa juu taratibu. Mstari mwekundu kwenye ufizi au jino lililoliwa shinani ni jibu. Ponda chakula, kilainishe, kipashe moto hadi joto la mwili ili harufu ipande. Lakini tiba ni kung'oa meno mabovu kwa nusukaputi. Watu huogopa: "Atakula nini?" Paka asiye na meno anakula vizuri sana, kwa raha kuliko mwenye meno yanayooza.

Asiyetaka kabisa, anayelamba midomo na kumeza mate akiona chakula, ana kichefuchefu, na hapo rudi kwenye figo. Mafua yaliyoziba pua nayo yanakata hamu, kwani paka asiponusa hali.

Kuhusu chakula chenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatununui vya kopo. Ugali au wali uliochovywa kwenye mchuzi haumtoshi. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinavunja damu yake. Samaki mbichi kila siku, bila kitu kingine, anaweza kummalizia vitamini B1, mchemshe. Dagaa wa chumvi waloweke na umwage maji. Changanya na nyama, na moyo wa kuku ukipatikana ni mzuri kwa kuwa una taurini, ambayo paka akiikosa anaharibika macho na moyo. Mpe na maji uliyochemshia.

Simama hapa: saa 24 bila kula, mpigie daktari. Siku mbili au tatu, hasa kwa paka mnene, ini huanza kujaa mafuta, na hilo peke yake linaua. Usimshindilie chakula kwa bomba la sindano ukiwa hujaonyeshwa namna, kinaingia mapafuni.

"Anakojoa nje ya mchanga"

Swali langu la kwanza huwa ni urefu wa ukingo wa beseni. Nyonga zenye baridi yabisi haziwezi kuvuka ukingo wa sentimita 20. Kata upande mmoja uwe chini kabisa, au tumia sinia pana. Kama siku zote alikwenda uani au kichochoroni, huenda ukuta umemshinda. Mwekee mchanga ndani, kwenye kila ghorofa. Usafishe kila siku, kwani paka mwenye figo anaujaza haraka na hataki kukanyaga majimaji. Usitie dawa kali ya chooni yenye harufu.

Kama ukingo ni mfupi na mchanga ni safi, peleka mkojo upimwe: maambukizi, sukari, damu. Kukojoa kitandani kwako siyo kisasi. Mara nyingi ni kwa sababu kitanda ni laini na mchanga umekuwa mahali pa maumivu.

Dume anayejikamua bila mkojo kutoka: rudi juu kwenye hali zisizongoja. Watu huidhania kuwa ni kukosa choo na kumpa mafuta, huku kibofu kinajaa.

Kukosa choo kwenyewe kupo pia. Kinyesi kikiwa vidonge vikavu, vidogo, baada ya siku mbili au tatu, chanzo kikubwa ni ukavu wa mwili, kisha maumivu ya kuchutama, kisha mifupa na manyoya. Maji, na kijiko cha boga lililochemshwa bila kitu. Mafuta ya nyonyo hapana, na dawa za binadamu za kuingiza nyuma hapana. Zenye fosfeti zinaua paka. Siku ya tatu ni ya daktari.

"Amekuwa mkali, ananiparura nikimshika"

Kwa kawaida umegusa panapouma: kiuno, nyonga, au kucha. Kucha za paka mzee hazijinoi, huendelea kukua zikapinda na kuingia kwenye nyayo. Zitazame leo. Zikate ncha tu, usifike kwenye sehemu ya rangi ya waridi yenye damu. Iliyokwisha kuchoma nyama aikate daktari. Vilevile mgongo wenye manyoya yaliyosokotana: hawezi tena kujigeuza kujilamba. Chana kwa dakika chache kila jioni, mafundo usiyakate kwa mkasi kwani ngozi yake ni nyembamba na huingia kwenye mkasi bila wewe kuona.

Akiwa na viroboto, usitumie dawa ya mbwa, ya kuogeshea ng'ombe, ya unga ya kuku, wala mafuta ya taa. Permethrini iliyo kwenye nyingi za dawa hizo inampa paka mtetemeko na kifo. Muulize daktari dawa ya viroboto inayofaa paka.

Onyo la kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu upo Tanzania na Kenya. Paka asiyechanjwa aliyebadilika ndani ya siku chache, anashambulia bila kuguswa, anatokwa udenda, sauti imebadilika, anayumba: usimshike. Mfungie chumbani, piga simu kwa ofisi ya mifugo. Aliyeng'atwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuchanjwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba.

"Anagonga vitu, mboni zimekuwa kubwa"

Dondosha kipande cha pamba mbele yake kimyakimya; anayeona atakifuata kwa macho. Mmulike kwa tochi: mboni zisiponywea, chanzo kikubwa kwa paka mzee ni presha iliyobandua pazia la ndani la jicho. Akiwahi dawa siku hiyo anaweza kurudishiwa uoni kidogo, na hata asiporudishiwa, presha inashushwa isiharibu ubongo na figo. Dawa ni amlodipini, ileile ya wazee wetu, kwa dozi ya paka. Usihamishe kiti wala bakuli. Paka kipofu huijua nyumba yake vizuri mradi nyumba ibaki ilivyo.

Ukungu wa samawati ndani ya jicho unaokuja polepole, na madoa ya kahawia yanayotokea kidogokidogo kwenye duara la rangi, kwa kawaida ni umri na havimzuii kuona. Yaonyeshe siku ukienda kwa jambo lingine. Doa linaloinuka au kukua haraka lipelekwe makusudi.

Kulala saa 16 hadi 20 kwa siku pia ni umri. Kikohozi siyo umri. Kwanza ondoa udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma chumbani anakolala. Kisipokwisha kwa wiki, apimwe kifua na moyo.

Inapokuwa hakuna tena cha kurekebisha

Ipo siku majibu yatakuja na daktari atasema dawa zimefika mwisho. Weka alama kwenye kalenda kila jioni: anakula bila kulazimishwa? Anafika mchangani mwenyewe? Anajilamba? Anakuja ulipo, au anakuruhusu uende alipo? Siku mbaya zikizidi nzuri, zungumza na daktari kuhusu sindano ya kumlaza. Ni dozi kubwa ya dawa ya usingizi. Anapoteza fahamu kwanza, kisha moyo unasimama. Omba aje nyumbani ikiwezekana, na kaa naye. Sioni ubaya kwa mtu kulichagua hilo, na sioni ubaya kwa asiyeweza kulichagua, mradi huyu wa pili ampe paka dawa ya maumivu mpaka mwisho. Kumwacha akiumia kimya kwa kuwa halalamiki ndicho nisichokubali.

Ukienda kwa daktari

Muuza duka la dawa za mifugo si lazima awe daktari. Uliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, au kwa Kenya na bodi ya madaktari wa mifugo. Kesi ngumu zinapokelewa kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Beba daftari la uzito na maji, video za simu, na jina la kila dawa aliyokwisha kupewa, hata ya kienyeji. Mkojo unaweza kuupata kwa kumwekea sinia tupu lililooshwa, au changarawe ndogo zilizochemshwa badala ya mchanga. Ufike ndani ya saa chache ukiwa kwenye chupa safi, kwenye baridi. Msafirishe kwenye kikapu chenye mfuniko, na ndani utandike kanga uliyoivaa, ambayo haijafuliwa. Omba vipimo kwa majina: damu ya figo, sukari, tezi ya shingo, mkojo, na presha. Fedha zikiwa hazitoshi vyote kwa leo, anza na damu ya figo na sukari kama ana kiu, na tezi kama anakula na kukonda. Mwombe daktari akuandikie majibu kwenye karatasi uondoke nayo, kwa sababu kipimo cha miezi sita ijayo kitasomwa kwa kulinganishwa na hiki.